Karatasi Haitoi Baruti Mtutuni

Leseni imetoka! Umeikunja mara nne, umeitia kwenye mfuko wa nailoni, umeificha chini ya godoro pamoja na hati ya shamba. Umeshukuru, umepongezwa, umewanywesha watu kahawa.

Na bunduki iko wapi?

Iko nyuma ya mlango! Palepale alipoiegesha babu. Palepale wajukuu wanapojificha wakicheza kombolela. Palepale mchwa walipokwisha kuanza kazi kwenye kitako, nawe unapita mbele yake kila alfajiri, unaitupia jicho, unajisemea moyoni: kesho.

Kesho! Neno hilo umelisema tangu masika.

Ndugu yangu wa Horohoro, nakusemesha wewe! Wewe wa Duga, wewe wa Moa, wewe wa Jasini mwenye muhogo kwenye udongo uliokuwa wa mkonge. Wewe uliyerithi gobore, wewe uliyerithi bunduki ya Mjerumani, wewe uliyeinunua kwa halali kwa sababu tu unapenda vya kale na moyo unakuruka ukiona chuma chenye chapa ya karne nyingine. Sikulaumu kwa kupenda. Hata mimi napenda. Lakini la kufanya unalijua, umeambiwa, umeandikiwa, na hulifanyi!

Soma hadi mwisho. Kisha inuka.

Huku kwetu chuma hiki si kigeni. Pwani hii ilikwisha kuonja baruti kabla babu wa babu yako hajatahiriwa. Magobore yalishuka Pangani, yalishuka Tanga, yalishuka majahazi kwa majahazi, yakabadilishwa kwa pembe na kwa watu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia sehemu hizi za Afrika kila mwaka. Kila mwaka! Mwaka huohuo Bushiri bin Salim alisimama Pangani dhidi ya Wajerumani, na Desemba 1889 wakamnyonga palepale Pangani.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Brussels kwamba bunduki za kisasa zisiingie Afrika. Yakaacha mlango wazi kwa zile duni tu: za gumegume, zenye mtutu laini ndani, na baruti ya kawaida ya biashara. Ndiyo maana babu zetu walibaki wakishindilia kwa mdeki wakati Ulaya ilikwisha kuhamia kwenye bunduki ya risasi. (Vijana wa leo wanaomwita mwanamume goigoi “gumegume” hawajui kwamba wanalitaja jiwe lililokuwa likitoa cheche na kuua mtu. Lugha nayo ina mizaha yake.)

Basi usiniambie kitu hiki ni pambo. Hakijawahi kuwa pambo. Kilikuja kuua, kilinunuliwa kiue, na mpaka leo hakijasahau kazi yake!

Sasa sikiliza yaliyonipata mimi mwenyewe.

Gobore la babu yangu lilining'inia juu ya mlango wa chumba chake miaka yote ya utoto wangu. Babu alifariki mwaka 1979. Sisi wajukuu tulilishusha tukicheza, tukawalenga kuku nalo, tukavuta ile nyundo nyuma mpaka ikalia ká!, tukaiachia ikapiga kichuchu cha fataki, tukacheka. Watoto wetu wakacheza vivyo hivyo. Nilipofuatilia leseni kwa miaka na hatimaye nikaipata, nilimwita jirani yangu, askari mstaafu, nimwoneshe. Nikalishusha kwa madaha. Nikasema, “Halina kitu, bwana. Ni ukumbusho tu.”

Hakucheka. Akaniuliza, “Umelitia mdeki?”

Nikamwambia mwenye nalo amekufa zamani. Akauliza tena, taratibu, kama anayemsemesha mtoto: “Umelitia mdeki?”

Akawatoa watoto nje. Akalilaza mezani, mtutu ukaelekea ukuta wa mawe. Akatazama kwanza kichuchu kama kina fataki. Hakina. Akakaa ubavuni, uso wake mbali na mdomo wa mtutu, akauvuta mdeki kutoka kwenye pete zake za shaba, akauingiza ndani polepole mpaka ukagota. Akaushika kwa vidole viwili pale ulipotokea mdomoni. Akauchomoa. Akaulaza juu ya mtutu kwa nje, vile vidole vyake vikiwa bado vimeshika alama, ili tuone ncha yake imefika wapi.

Ncha haikufika kwenye kichuchu. Iliishia vidole vinne kabla.

Vidole vinne! Akaniangalia. Akasema, “Bwana, hili limeshiba.”

Miaka arobaini na zaidi lilikuwa limeshiba! Tulilichezea likiwa limeshiba. Tulilielekeza kwa kaka, kwa dada, kwa mama aliyekuwa anachambua mchele, likiwa limeshiba. Lililotuokoa ni fataki moja, kidude kidogo mno, ambacho hakuna aliyejua kukiweka. Hatukuokolewa na akili. Hatukuokolewa na leseni.

Hatukuligusa tena. Tulikwenda kituoni mikono mitupu, tukaeleza, wakaja wenye ujuzi wakalichukua na kulipakua. Vilivyotoka ni hivi: makumbi ya nazi yaliyokaushwa, vipande vya msumari vilivyokatwakatwa, makumbi tena, kisha baruti nyeusi. Fundi wao alimwaga chembe chache kwenye kifuniko cha kopo, akatuamuru turudi nyuma, akapeleka kiberiti. Iliwaka fwa! kama iliyosagwa jana. Moshi mweupe, harufu ya yai viza. Baruti ya marehemu!

Baruti nyeusi haizeeki kama mtu. Ukiilowesha, itakaa kimya, ikikauka, inarudi. Ukiisahau, yenyewe haisahau.

Je, la kwako umelitia mdeki?

Usinijibu kwamba halina fataki. Usinijibu kwamba limeshika kutu. Usinijibu kwamba babu alikuwa mtu makini. Babu makini ndiye aliyeliacha limeshindiliwa, kwa sababu usiku wa nguruwe hakuna nafasi ya kushindilia! Pima. Na kama mkono wako haujui, acha, usiliguse, mwite anayejua. Ukikuta limeshiba, usilichokore kwa msumari, usilimwagie maji ya moto, usilipeleke kwa fundi wa baiskeli. Wala usipulizie mdomoni! Lifungie, watoe watu, nenda polisi mikono mitupu, waje wao.

Najua pingamizi lako la pili. Utasema: hii ni ya kale, na vya kale vina sheria zake.

Una shemeji Leicester. Amekutumia video. Amekwambia Uingereza bunduki ya kale hukaa sebuleni kama saa ya ukutani, bila leseni, mradi ni ya kutazama tu. Ni kweli, kwa masharti, na hata hayo masharti waliyakaza mwaka 2021 wakataja aina za risasi zinazokubalika. Amekwambia Marekani bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo haihesabiwi silaha kama nyingine. Ni kweli pia, kwa sheria yao ya taifa.

Lakini wewe hukai Leicester! Hukai Texas! Unakaa Mkinga, mkoa wa Tanga, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Na huku, anayekutwa na silaha bila leseni hushtakiwa kwa uhujumu uchumi. Sheria ya uhujumu uchumi, tangu marekebisho ya mwaka 2016, inataja kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Miaka ishirini! Na nenda kasome hukumu za mahakama zetu uone silaha iliyotajwa humo mara kwa mara ni ipi. Si bunduki ya sinema. Ni gobore! Gobore la kushindilia, gobore la kutu, gobore lililokutwa kibandani porini. Neno “gobore” halikupunguzii hata wiki moja.

Wewe utasema, mimi leseni ninayo. Unayo, alhamdulillahi. Leseni ya bunduki moja, ya namba moja, ya jina moja.

Na ile ya pili?

Ile iliyo darini, juu ya jiko, imefungwa kwa gunia la chumvi. Ile ambayo hukuitaja ulipokuwa unajaza fomu kwa sababu “si nzima.” Ule mtutu mtupu ulioachwa na ami yako. Lile kopo la baruti, na yale mafataki ndani ya kibati cha dawa ya kikohozi. Juu ya jiko! Moshi unapanda, cheche zinapanda, joto linapanda, na hapo juu umelaza baruti! Nani amekuroga?

Sitakuficha: hapo ndipo wengi wenye leseni mpya wanapoangukia. Wanahalalisha moja, wanafuga mbili. Wanamwonesha ofisa ya mlangoni, wanaficha ya darini. Karatasi inawapa ujasiri ambao haikuandikwa kuwapa.

Mlango uko wazi, ndugu yangu! Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha, watu wasalimishe silaha bila kushtakiwa. Tanzania ilitangaza msamaha wa kusalimisha kwa hiari mwaka 2022, ikatangaza tena mwaka 2023. Tangazo lilisomwa redioni. Lilisomwa msikitini. Ulilisikia! Ulikaa barazani ukalijadili, ukalisifu, ukasema serikali safari hii imefanya la maana. Kisha ukaenda kulala na gunia la chumvi juu ya kichwa chako.

Tangazo likija tena, uwe wa kwanza. Na kama leo hakuna tangazo, usikae ukingoja. Nenda kwa mtendaji, au nenda kwa mkuu wa kituo, au tafuta kwanza wakili akushike mkono. Sema ulichonacho, uliza utaratibu, fuata utakaloambiwa. Na usiibebe begani kama jembe ukapita nayo sokoni! Kwanza neno, kisha chuma.

Nije kwenye mpaka, maana huu ndio mtego wa Horohoro peke yake.

Mtu wa Morogoro hana mtihani huu. Wewe unao mlangoni. Lunga Lunga ya Kenya ni hapo ng'ambo. Shangazi yako ameolewa Vanga. Binti yako anasoma Kwale. Asubuhi uko huku, mchana uko kule, jioni umerudi, na njia za panya unazijua zote kama mistari ya kiganja. Kwa hiyo unaiona ile laini ya mpaka kama laini ya kuanikia nguo: unainama, unapita.

Ukiwa na bunduki, usipite! Leseni ya Tanzania inaishia kwenye geti. Hatua ya pili ukiwa Kenya wewe ni mtu mwenye silaha asiye na kibali cha Kenya, na askari wa kule hana haja ya kujua kwamba shangazi yako anapika wali mzuri wa nazi. Kuna kibali cha kutoa silaha, kuna kibali cha kuingiza, vyote viwili kwa maandishi, vyote viwili kabla ya safari. Ukiwa huna, gobore libaki nyumbani. Hata kama ni harusi! Hata kama fundi mzuri yuko Mombasa! Hata kama yule tajiri wa Diani amesema ataliweka ukutani na atakupa fedha ya bati la nyumba nzima!

Huyo tajiri hasa, mkimbie. Vitu vya kale vya nchi hii vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, havisafirishwi kiholela. Ukitaka gobore la babu lionwe na watu, muulize ofisa wa Mambo ya Kale, ulizia makumbusho ya Urithi pale Boma la zamani Tanga mjini. Kilomita 65 za lami, basi linakufikisha kabla ya adhuhuri. Pia hapo, usilichukue mkononi siku ya kwanza. Chukua picha.

Na risasi? Naziogopa kuliko vyote.

Ardhi hii imelishwa risasi. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walishusha Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India. Watu kama 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakawarudisha baharini, nyuki wakisaidia. Walikimbia wakaacha mamia ya bunduki na masanduku kwa masanduku ya risasi. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado wanapiga bunduki za mwaka 1871, zile za moshi mzito unaomtangaza mpigaji. Januari 1915 wakapigana Jasini, hapa petu, tarehe 18 na 19. Kikosi cha Wahindi kilisalimu amri risasi zilipokwisha, naye Lettow alihesabu zake akakuta amechoma risasi 200,000, akaona kwamba vita vya namna hiyo hawezi kuvipigana tena zaidi ya mara chache. Risasi 200,000 kwa siku mbili! Waza ni ngapi zilianguka mchangani bila kupiga.

Kisha Aprili 1915. Meli ya Wajerumani, Rubens, iliyojivika jina la Kidenishi la Kronborg, ilikimbilia ghuba ya Manza, nyuma yake manowari ya Kiingereza Hyacinth ikiipiga mizinga. Nahodha akaizamisha mwenyewe kwenye maji ya kina kifupi ili mzigo usipotee. Wapiga mbizi wakashuka, wakapandisha bunduki za Mauser, wakapandisha risasi zilizokunywa bahari. Zikafunguliwa moja moja. Baruti ikaanikwa, fataki nyingine zikabadilishwa, zikafungwa tena. Na bado nyingi zilikataa kulia vitani.

Hizo zilikuwa na miezi tu majini! Ile uliyoifukua shambani ina miaka mia na zaidi, imelala mvuani, imelala chumvini, na wewe unataka kuisugua kwa majivu uitie kwenye bunduki ujaribu!

Usijaribu. Ukivuta triga ikanyamaza, hujui kama imekufa au inawaza. Kuna inayonyamaza, ukaifungua uitazame, ikalipuka mbele ya macho yako. Wala usitie risasi mpya ya dukani kwenye mtutu wa kale: baruti ya leo inasukuma kwa nguvu ambayo chuma kile hakikufuliwa kuihimili. Mtutu unapasuka kama muwa, na unapasukia mkono wa kushoto, ule unaoshika mbele.

Na kitu cha mviringo, kizito, chenye kutu, kilichogongwa na jembe? Acha jembe hapohapo! Rudi kwa nyayo zako. Weka alama, zuia watoto, piga simu polisi. Mwaka 2008 huko Virginia, Marekani, mkusanyaji mzoefu wa mabaki ya vita alikuwa anasafisha tufe la mzinga lenye zaidi ya miaka 140. Alikwisha kusafisha mengi maishani. Hilo moja likamuua nyumbani kwake. Mzoefu! Nanyi mnawakaribisha wasaka mali za Mjerumani, wanaozunguka na vyuma vyao vya kulia na hadithi zao za zebaki, wanakata vitu hivyo kwa msumeno chini ya mwembe, watoto wamezunguka wanatazama!

Turudi nyumbani. Bado kuna madogo, na madogo ndiyo unayoweza kuyafanya kabla ya jua kuzama.

Nunua kasha la chuma lenye kufuli. Kalipigilie ukutani. Bunduki humo, risasi na baruti kwenye sanduku jingine, chumba kingine, ufunguo shingoni mwako na si juu ya kabati. Usiivike kanga wala gunia: upepo wa bahari unatia nguo unyevu, na nguo inailisha bunduki unyevu huo usiku kucha. Ifute kwa kitambaa kikavu, ipake mafuta ya mashine membamba, kidogo tu, ifungie. Kitako kisiguse sakafu. Kila mwezi ifungulie, itazame, ifute tena.

Lakini msasa? Weka mbali msasa! Nimeona kijana mmoja, mwenye leseni ya wiki tatu, ameing'arisha bunduki ya 1871 mpaka inaakisi uso. Alifurahi kama bwana harusi. Alikuwa ameifuta chapa ya kiwanda, ameufuta mwaka, na namba, ile iliyoandikwa kwenye leseni yake, imebaki tarakimu mbili. Ameua thamani na ameua ushahidi wake mwenyewe kwa msasa wa shilingi chache. Alama ni roho ya kitu cha kale. Kutu inayokula izuie, weusi wa umri uache.

Na jirani akija? Atakuja! Atakuja saa mbili usiku, analia: “Ami, nguruwe wamemaliza muhogo. Niazime usiku mmoja tu.” Utamwonea huruma, maana hata wako wameula. Mkatalie! Jina lililo kwenye leseni si lake. Mpe tochi, mpe mbwa, kaa naye mkeshe mpige madebe, mpe hata muhogo wako. Bunduki usimpe. Akikununia, atanuna mwezi. Ukimpa akampiga mtu badala ya nguruwe, hakuna wa kuhesabu miezi hiyo.

Wala usiitoe harusini. Wala usiipige picha uiweke kwenye WhatsApp, kila mwizi wa Tanga ajue ilipo.

Tena jambo moja, zito, na watu hawapendi kulisikia. Utakufa. Leseni yako itakufa pamoja nawe, siku ileile, kabla hata sanda haijakatwa. Bunduki haigawanywi kama minazi, huyu mtutu, yule kitako. Mwanao hairithi kwa kuishika tu. Akiishika bila kibali chake mwenyewe, umemwachia ile miaka ishirini iwe mirathi! Andika leo, kwa mkono wako, kwa herufi ambazo mke wako anaweza kuzisoma: bunduki iko wapi, ufunguo uko wapi, namba ni ipi, na kwamba kabla ya arobaini, kabla ya hitma, mtu aende polisi atoe taarifa. Soma mbele yao. Waache wacheke. Na tarehe ya kulipia leseni iandike ukutani, kwa chaki, juu ya kalenda ya duka. Isipite hata siku moja.

Unasema umechoka? Unasema leo kuna mnada? Unasema utaanza Ijumaa, baada ya swala?

Mdeki uko chini ya mtutu, umeshikwa na pete mbili. Haukai mbali na mkono wako, haugharimu kitu, hauhitaji umeme. Jua bado liko juu ya minazi. Watume watoto kwa shangazi yao. Funga mlango wa uani. Ilaze mezani, mdomo uelekee ukuta wa mawe, nawe kaa ubavuni. Tazama kichuchu kwanza. Kama hujui unachokitazama, toka nje sasa hivi kamwite anayejua, usinifikie mstari wa mwisho.

Kama unajua, uvute. Uingize taratibu mpaka ugote. Shika alama. Uchomoe, ulaze kwa nje.

Vidole vingapi?